Nani Afungue Kilio

Nyumbani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mgeni alisomwa kabla ya kukaribishwa, na msomaji nilikuwa mimi. Mtu akibisha hodi, nilitazama kwanza miguu yake chini ya pazia la mlango. Vidole vikielekea ndani, ana haja nasi. Mguu mmoja ukielekea njiani, ametumwa na anataka kumaliza aende zake. Kisha nilitazama mikono. Mikono mitupu inayoshikana mbele ya tumbo imekuja kuomba. Mikono iliyobeba kitu imekuja kuomba zaidi.

Hayo hayakuwa mafundisho ya mtu. Baba alibaki njiani kabla hatujafika Malawi, na mama akatutoka tukiwa tayari kambini. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule wiki aliyolazwa, nikidhani nitarudi akipona. Siku za msiba nyumba ilijaa watu waliolia kwa sauti kubwa, na nyumba ilipotulia, sufuria ya mama haikuonekana, wala vitenge vyake viwili. Mama mmoja aliyelia kuliko wote alirudi kusema angetupunguzia mzigo kwa kumchukua mdogo wetu wa mwisho, akamsaidie kazi za nyumbani. Mdogo wangu huyo alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mengine hayajaota. Nilisimama mlangoni mpaka yule mama akaondoka, kisha nikatangaza sheria: humu ndani hakuna tena kulia. Mtu anayelia hafungi mlango.

Kaka yangu anayenifuata na mdogo wetu waliishika sheria hiyo. Miaka ikapita, nasi tukawa nyumba isiyolia.

Kwa macho hayohayo niliingia katika uandishi. Vijana wa kanisa walikuwa na kikundi cha tamthilia, wakicheza Jumapili mchana, na aliyekuwa akiwaandikia alipopata safari ya kwenda nchi nyingine, waliniomba mimi kwa sababu nilijua kuiga watu. Niliandika kuhusu mchungaji mwongo, dalali wa safari, mke wa pili. Watu walinipenda. Mbaya wangu alipoingia tu jukwaani, hata watoto wa mbele walimjua, wakamzomea kabla hajafungua mdomo. Nilijivunia jambo hilo. Nilidhani kujua hisia za watu ndiko huko: kumtambua mwizi kwa namna anavyoshika mlango.

Mwaka ambao mdogo wangu alifaulu darasa la nane, akaja yule mwanamke.

Ilikuwa msimu wa vumbi, Jumamosi mchana. Viatu chini ya pazia vilikuwa vya ngozi, vimepakwa rangi asubuhi na vimekula vumbi barabarani. Vyote viwili vilielekea ndani, sawasawa, kama vya mtu aliyepangwa mstarini. Nilifungua pazia. Alikuwa mama wa makamo, amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri sana, na mikononi ameshika mfuko wa mkate na sukari.

"Mi ni mama yenu mudogo," akasema kwa Kiswahili cha kule tulikotoka. "Mi njo namufuata mama yenu kwa kuzaliwa. Niko pa Chilinde, Lilongwe. Ni bantu ba kanisa balinielekeza."

Kisha akanyamaza, akasimama pale mlangoni akinitazama usoni. Nami nikamtazama.

Lazima nieleze nilichokuwa nikikingoja. Kwa upande wa baba, ambako ndiko nilikokulia, mtu akifika mara ya kwanza kwenye nyumba iliyofiwa, hata kama miaka mingi imepita, hulia kuanzia mlangoni. Wenye nyumba humpokea na kilio chake, ndipo anaketi na kupewa maji. Hata jirani ambaye hakumjua marehemu hujikaza akatoa sauti. Huyu aliyesema amelala tumbo moja na mama yangu alisimama macho makavu, kama mtu aliye kwenye foleni ya maji. Nilimpa nafasi. Hakuitumia. Nikamwambia akaribie, na moyoni nikawa nimekwisha kumhukumu.

Aliketi na kuanza kuuliza. Mama alikuwa akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, namna gani? Alikuwa akiimba wimbo gani akifua? Nilijibu kwa maneno machache, nikijiuliza kwa nini dada mtu aulize mambo ya dada yake. Macho yake yalimpita kaka yangu haraka, yakatua kwa mdogo wetu, yakashuka mpaka miguuni. Nilikuwa nimemvalisha viatu kwa ajili ya mgeni.

"Vua viatu, mama, upumuzishe miguu," akamwambia kwa upole.

"Aache," nikasema. "Kuko funza."

Baada ya muda mfupi akarudia: joto hili, mutoto avue viatu. Nikakataa tena. Nilikwisha kuona watu wakinunua mbuzi, nilijua wanavyoangalia kwato.

Ndipo akasema alichokuja nacho. Amesikia mtoto amefaulu. Kambini nafasi za sekondari ni chache. Yeye ana kibanda cha ushonaji Chilinde, na upande wa Likuni kuna shule. Mtoto angekaa kwake, asome. Alisema hayo akiangalia mkate, hakuniangalia mimi. Nikamjibu tutafikiri.

"Mufikiri," akasema akisimama. "Lakini masomo haitangojea mutu anayefikiri."

Nilimsoma mgeni yule saa nzima, na mdogo wangu aliyeketi kando yangu sikumsoma hata kidogo. Kesho yake nilimkuta akifua sare yake ya shule ya msingi, ambayo hangeivaa tena, akaianika kwenye kamba mbele ya nyumba kama bendera. Nilimuuliza ya nini. Akasema inaweza kukatwa na kushonwa upya, kwa mtu anayejua kushona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikikataa, sitakuwa nimemfungia mlango yule mwanamke peke yake.

Lakini kukubali sikuweza. Nilifanya nilichozoea: niliandika. Kwa siku chache nilimaliza mchezo wa mtu anayekuja na mkate kwenye nyumba ya yatima, anadai ni mjomba wao, anamchukua mtoto na kumfanya mtumishi. Nilimgeuza mwanamume ili watu wasinishike, ingawa kambini hakuna siri na kila mtu alijua.

Sehemu ya mjomba nilimpa mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Kindu, Mwislamu aliyeuza mafuta na sabuni karibu na soko. Hakuwa wa kanisa letu, lakini alikuwa na sauti kubwa na alipenda jukwaa kuliko sisi sote, hivyo alikuja kila Jumapili baada ya swala ya adhuhuri. Miaka yote nilimpa wabaya. Siku ya mazoezi aliingia na mkate, akasimama, akaanza maneno yake, akakatiza.

"Dada, mi nimechoka," akasema. "Kila mwaka ni mi muwizi. Bateja banaanza kuhesabu sabuni mbele yangu."

Watu wakacheka. Nikamwambia aendelee, yeye ndiye anayejua kucheza wizi.

"Wizi najua. Mukono yangu njo sijui. Naishika mukate, nasimama pa mulango. Sasa mukono hii ingine niweke wapi?"

Nikamwambia aweke anapotaka. Mjomba anamtaka mtoto, basi.

"Iyo ni kitu anataka," akasema. "Kitu anaogopa ni nini? Mutu mwenye haogopi kitu haleti mukate. Anaingia tu."

Nilikasirika. Nilimwambia mjomba haogopi chochote, ni mwizi. Akaweka mkate juu ya benchi kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu kilichoharibika dukani.

"Basi enda umuangalie vizuri huyo mama wa Chilinde," akasema. "Ukirudi, utaniambia mukono inakaa wapi."

Nilikwenda Lilongwe, lakini sikwenda kwa ajili ya mkono. Nilikwenda kumkamata. Kutoka kituo nilipanda kabaza, na mwenye baiskeli akanishusha kwenye soko la Chilinde. Kibanda cha yule mwanamke kilikuwa kilekile alichoeleza, mlango wa bluu, mashine mbili za miguu. Ng'ambo ya njia palikuwa na mtu wa chiwaya, anayekaanga viazi juu ya bati la moto mbele ya wateja. Nilinunua viazi, nikasimama kivulini kwake na kuanza kutazama.

Niliona mengi, na nisiwe mwongo, yote niliyoyaona yalikuwepo. Niliona wasichana wawili wakishona bila kuinua kichwa, nikasema: hao ndio wapwa waliotangulia. Niliona kichwa cha mashine ya pili kimefungwa kwenye nondo ya dirisha kwa mnyororo wa baiskeli, nikasema: anayefunga vitu namna hii, watu atawafungaje? Nilimwona akipima sare ya mtoto wa mteja, akicheka naye kwa Chichewa laini kuliko Chichewa changu, na mteja alipoondoka kicheko kikazimika palepale. Nikasema: ana nyuso mbili. Nilimuuliza mtu wa chiwaya kama yule mama ni mtu mzuri. Akasema anashona vizuri. Nikaona hata huyo anamficha.

Viazi vilikuwa vimepoa mkononi mwangu msichana mmoja alipotoka kibandani, akavuka njia akibeba kiti, akakiweka mbele yangu.

"Mama anasema ukae," akasema. "Anasema kuchunguza kunachosha magoti."

Mtu wa chiwaya hakujua Kiswahili, lakini alicheka kana kwamba anajua. Nilibeba kile kiti nikavuka nacho.

"Nilikuona tangu ulishuka pa kabaza," akasema yule mwanamke bila kuacha kukanyaga mashine. "Mutu anayekula kiazi moja-moja namna ile hana njaa. Sasa, ulipata nini?"

Aibu ilinishika, lakini sikurudi nyuma. Nikauliza wasichana wale ni nani. Akasema ni wa kanisani, wanajifunza kazi, niwaulize mwenyewe. Akachukua ndoo akaenda kwenye bomba, akatuacha sisi watatu. Walisema ni mkali. Walisema anasali sana, mpaka chakula kinapoa. Jioni hurudi kwao, mmoja mtaa wa Area 23, mwingine hapohapo Chilinde. Niliuliza kuhusu mnyororo, wakatazamana. Mmoja akasema hilo nimuulize mwenye mnyororo.

Aliporudi, nikamuuliza.

Aliketi. Akaniambia kwamba muda si mrefu kabla hajaja kwetu, kijana mmoja alifika pale kutoka kambini, akasema ni mtoto wa dada yake mkubwa. Alilia mlangoni mpaka majirani wakatoka. Yeye akampokea, akamlaza, akamnunulia viatu. Asubuhi moja kijana hakuwepo, wala kichwa cha mashine ya pili; alichonunua badala yake ndicho alichokifunga kwa mnyororo. Baadaye kanisani wakamwambia watoto halisi wa dada yake ni watatu, wawili wao wasichana, na wa mwisho amefaulu.

"Ule alilia yeye wa kwanza," akasema. "Nilipaswa kujua palepale. Kwetu, mugeni halii wa kwanza. Benye nyumba njo banafungua kilio, mugeni anafuata. Yeye hakujua. Na mi, uchungu ikanifunga macho."

Niliutazama ule mnyororo dirishani.

"Pa mulango yenu nilisimama nangojea. Nikasema, kama ni batoto ba yaya, dada yangu mukubwa, ule mukubwa wao atafungua. Na we ukaniangalia tu kama polisi wa pa bariere ya barabara."

"Mi nilikuwa nangojea we," nikasema.

"Mi?"

"Kwa baba, mugeni njo analia."

Alishika pini zilizokuwa kifuani mwake, akazichomoa na kuzirudisha moja baada ya nyingine. Mwishowe akapumua.

"Baba yenu," akasema, "alituletea matata hata kabla ya kuoa."

Nilicheka bila kutaka. Kisha nikakumbuka jambo moja ambalo halijajibiwa, na sura yangu ikafunga tena. Nikauliza kuhusu viatu: kwa nini alitaka mtoto avue? Badala ya kujibu, alivua kandambili yake akanyoosha mguu. Kidole kidogo kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, kama mtoto mgongoni. Mdogo wangu anacho hicho. Mama alikuwa nacho. Mimi na kaka tulirithi miguu ya baba.

Nilikitazama kidole kile nikajiambia kwamba vidole vya namna ile viko vingi duniani. Hivyo ndivyo nilivyo. Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi Dzaleka, kilichonisumbua hakikuwa kidole. Kilikuwa mkate. Nilimkumbuka pale mlangoni, mkate ameushika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuweka chini yake, kana kwamba mkate huo ungeweza kukataliwa na kuanguka. Nilikuwa nimeuona mkono huo siku ile. Niliuona nikauandika moyoni kuwa mkono wa mtu anayekuja kuomba zaidi.

Sisi tunaoandika hadithi tunapenda kusema tunajua watu. Shaka ilinipa macho, sitaikana. Mtu asiye na shaka haoni nondo, haoni mnyororo, haoni kicheko kinachozimika. Lakini shaka ina swali moja tu, nalo ni: huyu anataka nini kwangu? Ukiandika kwa swali hilo peke yake, kila anayeingia mlangoni ni mwizi au mjinga, na watoto wa mbele watamzomea kwa haki. Yule mfanyabiashara wa Kindu alikuwa na swali la pili, kwa sababu alilazimika kusimama mwenyewe ndani ya ngozi ya yule mbaya akiwa na mikono miwili.

Nilimpa mikono. Sikuufanya mchezo kuwa wa furaha. Sikuamua hata kama yule mjomba ni mjomba kweli. Niliacha watu wasijue, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua. Niliongeza tu nyumba ambayo watoto wake hawalii, na mgeni aliyekwisha kuibiwa na mtu aliyelia. Jumapili ile mfanyabiashara aliingia, akasimama mlangoni, mkono mmoja juu ya mkate na mmoja chini yake, akangoja. Watoto walianza kumzomea kwa mazoea, kisha sauti zikafifia. Alikaa kimya muda mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi. Mama mmoja aliyeketi mbele akashindwa kuvumilia.

"Sasa bamupatie kiti," akasema kwa sauti. "Hata kama ni muwizi."

Mdogo wangu alikuwa amekaa kando ya mama huyo. Mara hii nilimtazama yeye. Hakuwa akiangalia jukwaa. Alikuwa akiniangalia mimi, pembeni nilikosimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Wiki ambayo masomo yalifunguliwa nilimpeleka mwenyewe kwa mama mdogo. Nilikuwa nimekwisha kumpa masharti: nitakuja bila kutoa taarifa; akiona jambo asilolipenda, anipigie kwa simu ya jirani na kunisalimu kwa Kifaransa, nami nitajua. Alikubali yote haraka mno, kama watoto wanavyokubali.

Tulifika Chilinde mchana. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa bluu. Hakuja mbele. Alisimama kama alivyosimama kwetu, akangoja, na safari hii nilijua anangoja kilio. Lakini safari hii yeye ndiye mwenye nyumba, na mimi ndimi mgeni. Kwa desturi yake, yeye ndiye angefungua. Kwa desturi ya baba, ilikuwa mimi. Niliona kwamba kama nikitaka, naweza kungoja tena, na kwa desturi yake haki ingekuwa yangu.

Niliweka begi chini, nikafungua kilio.

Sauti iliyotoka sikuijua. Ilikuwa imekaa humo tangu sufuria ya mama ilipopotea. Mama mdogo aliipokea palepale kwa sauti yake, akiita jina la nyumbani la mama yangu ambalo sikuwa nimelisikia tangu alipozikwa. Wasichana wa mashine walitoka. Majirani walitoka. Mtu wa chiwaya aliacha viazi vyake vikiungua, akavua kofia, akauliza kwa Chichewa nani amefariki.

"Yaya yangu," mama mdogo akamjibu kwa Kiswahili, amesahau yuko wapi. Kisha akarudia kwa Chichewa.

Aliuliza ni lini. Alipoambiwa ni zamani, alisimama na kofia yake mkononi, akitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui kama airudishe kichwani. Mwishowe akasema pepani, ndiyo poleni kwa Chichewa, akarudi kwenye viazi.

Tulipokuwa tukijifuta nyuso, mama mdogo aliniuliza, sauti bado imekauka, mama alikuwa akitubeba mgongoni akitufunga fundo upande gani. Nikamwambia kushoto. Nami nikamuuliza kovu la mama la mkononi lilitokana na nini. Akasema moto wa kupika chumvi ya majivu ya majani, wakiwa wadogo. Tukatazamana kama watu wawili waliokaa pande mbili za mizani.

Mdogo wangu hakutungoja. Alikuwa amechukua begi na kuingia ndani, viatu ameviacha mlangoni.